Siku Kibanio Alipokaa Benchi

Saa sita mchana duka la vifungo lilikuwa limefurika hadi mlangoni. Mafundi cherehani walikuwa wameegemea kaunta ya kioo, kila mmoja akidai zipu yake, bitana yake, uzi wake, na muuzaji mmoja tu mwenye miwani akipanda na kushuka ngazi kama mtu asiye na magoti. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa gauni jeupe la kazi na viatu vya mpira, saa ndogo ikining'inia kifuani kichwa chini kama wauguzi wanavyoivaa. Gauni limepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata karatasi. Lakini kifungo cha tatu kutoka juu hakikuwepo, na mahali pake pamekaa pini.

"Kaka, nitafutie cheupe kama hiki," alimwambia muuzaji, akionyesha cha nne.

"Hicho si cheupe," sauti ikasema nyuma yake. "Hicho ni rangi ya maziwa. Ukishona cheupe, watu watadhani gauni umeazima."

Akageuka. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, futi ya kupimia imening'inia shingoni, koti la kijivu lililokatwa kwa ustadi ila pana kidogo tumboni. Ananukia manukato, tena si haba.

"Na wewe ndiye nani, msemaji wa vifungo?"

"Fundi suti. Wananiita Milimita."

"Mbona si mfupi kiasi hicho?"

Mafundi waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Yeye pia akacheka. "Wananiita hivyo kwa sababu sikosei hata moja."

"Haya. Kifungo hiki kina ngapi?"

Alikitazama bila kukigusa. "Kumi na moja na nusu."

Muuzaji, ambaye alikuwa hana muda wa kumpa mtu, akapata muda wa kuleta rula. Kumi na moja na nusu.

"Sawa, umeshinda," mwanamke akasema. "Lakini usivimbe kichwa. Mimi pia nina kazi ya mkono."

"Kuchoma watu sindano?"

Aliinua kidevu. Hapo ndipo mtu alipaswa kumwona, maana hakuna kitu kilichompendeza kuliko kuulizwa kazi yake. "Kufunga matundu ya tumbo bila kisu," alisema.

Tabasamu la Milimita likakatika kama umeme, kisha likarudi, ila halikuwa lile la kwanza. "Na yanafungika kweli?"

"Mengi tu. Kwa nini?"

"Nauliza. Sisi mafundi hatupiti habari ya tundu."

Mwanamke huyu alikuwa na jicho la kuona mgonjwa ameficha nini kabla hajavua shati. Siku hiyo hakuona kitu. Alikuwa anatazamwa, na alikuwa anafurahia kutazamwa.

Kazini waliishia kumwita Kibanio, naye alilipokea jina hilo kama cheo. Watu wengi wakisikia fistula wanafikiria ile ya uzazi, lakini ipo pia ya njia ya chakula. Mtu amepasuliwa tumbo, mshono wa ndani umeachia, na mahali ulipoachia pakajitoboa njia mpaka kwenye ngozi. Anachomeza kinatokea ubavuni. Zamani dawa yake ilikuwa kisu kingine juu ya kisu. Katika hospitali hii kubwa, daktari mmoja mwanamke, mkavu wa maneno, alikuwa anaingiza kamera nyembamba mdomoni, anaifikisha tumboni, analitafuta tundu kwa ndani na kulibana kwa kibanio cha chuma chenye meno. Daktari anaongoza kamera. Anayeshika kishikio na kukaza ni muuguzi. Daktari anasema "fungua", anasema "funga", na kati ya maneno hayo mawili kuna mkono mmoja tu. Kwa miaka saba mkono huo ulikuwa wa Kibanio.

Jioni ile ile simu yake ililia.

"Sista, kifungo kimekaa?"

"Namba yangu umeitoa wapi?"

"Uliandika kwenye kitabu cha oda dukani. Nimeisoma juu ya bega lako."

"Huo ni wizi."

"Basi nishitaki. Ila kabla sijafungwa, niambie unapenda rangi gani, nikushonee gauni."

"Unanishonea bila kunipima?"

"Nimeshakupima."

Akakata simu kwa hasira ya uongo, na baada ya dakika tano akampigia mwenyewe kumwambia zambarau.

Ndivyo walivyoanza. Milimita alikuwa na chumba cha kazi ghorofa ya pili, juu ya barabara yenye kelele, cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia na suti za mabwana harusi zilizopangwa ukutani kama watu waliokuja mkutanoni. Alimwita Sista alipotaka kumtania, na roho yangu alipojisahau. Yeye alimwita Fundi, na siku gauni la zambarau lilipomkaa bila kuongezwa wala kupunguzwa hata uzi, alimwita mpenzi, akageuka upande wa kioo asionekane uso.

Lakini kulikuwa na mambo mawili. La kwanza, Milimita hali. Wakikaa mkahawani anaagiza, anapanga chakula upande huu wa sahani, anakihamishia upande ule, mpaka kinapoa. "Nimekula kazini, roho yangu." Kila siku amekula kazini. La pili, simu yake. Kila baada ya saa mbili ilitoa mlio mfupi, naye anainuka saa hiyo hiyo, hata kama neno liko nusu mdomoni. Akirudi, kanukia manukato mapya. Au harudi kabisa, anatuma ujumbe: samahani, mteja.

"Mteja gani huyo anayekuita kwa kengele?" Kibanio alimuuliza siku moja.

"Mkorofi mmoja. Nikichelewa, ananiaibisha mbele za watu."

Alisema huku anacheka. Macho hayakucheka.

Dada mkubwa wa Kibanio, aliyemlea tangu mama yao afariki, akataka kumwona huyo fundi. Aliwaita Jumapili, mezani, mchana. Milimita alikuja na shati jeupe na koti pana la buluu, akamwamkia shikamoo ya heshima, akasifu mapazia, akasifu mpaka mshono wa kitambaa cha meza. Dada alikuwa ameanza kulainika. Chakula kikaja. Mgeni akala vijiko vitatu, akaweka kijiko. Simu ikalia. Akainuka, akauliza bafu liko wapi, akajifungia dakika ishirini, maji yakitiririka muda wote. Alipotoka jasho lilikuwa limemjaa usoni.

"Dada, mnisamehe. Imenibidi niondoke."

Mlango ulipofungwa, dada alikunja kitambaa chake taratibu. "Mdogo wangu, huyo ana mke."

"Dada, jamani."

"Hali kwa watu kwa sababu atakula kwake. Anapigiwa kengele, anakwenda kujieleza bafuni na maji ameyafungulia tusisikie. Saa zake zimepangwa na mwanamke. Mimi nimeishi na mwanamume wa namna hiyo miaka sita, naujua mpaka mwendo wake."

Kibanio aliinuka. Alikwenda bafuni. Palikuwa pasafi kuliko alivyopaacha mwenyewe asubuhi, na pananukia manukato tu. Mtu asiye na la kuficha, alijiambia, hasafishi bafu la ugenini. Akatoka na simu mkononi.

"Niambie jina lake," Kibanio alisema mara Milimita alipopokea.

"La nani?"

"Mkeo."

Magari yalisikika upande wake, na pumzi ya mtu anayetembea haraka. "Sina mke."

"Basi kengele ni ya nani? Mbona huli? Niambie neno moja la kweli, Fundi, moja tu, mimi nitalibeba."

Alingoja. Angeweza kungoja mpaka kesho yake.

"Siwezi," Milimita akasema. "Nikikwambia, hutaniona tena vile unavyoniona."

"Sasa hivi sikuoni kabisa," alisema, akakata. Namba akaizuia. Gauni la zambarau akalikunja na kulisukuma chini ya kila kitu kabatini.

Wiki tatu zilipita. Alifanya kazi kama mashine, na mkono wake haukutetemeka, jambo lililompa fahari ya kisirani. Jumatano asubuhi aliingia chumba cha kamera, akavaa glavu, akapanga vibanio kwenye trei. Daktari alikuwa anasoma faili.

"Wa kwanza ni tundu la tumbo la chakula, mwaka na nusu sasa. Alipasuliwa kwingine, kidonda kilikuwa kimetoboka. Amepewa miadi hapa mara tatu, mara tatu hakuja. Leo kaja mwenyewe, hakuitwa."

Kitanda kilisukumwa na Kaka Taratibu, muuguzi mwenzake, mtu mzima mwenye kipara aliyefanya kila kitu kana kwamba kesho ipo. Shuka ilikuwa imefunuliwa tumboni. Kwanza Kibanio aliona mfuko, ule wa plastiki unaogandishwa kwenye ngozi kupokea kinachovuja. Kisha ngozi iliyoungua kwa asidi kuuzunguka. Kisha uso.

Milimita alikuwa anatazama dari.

Kwenye kiti, juu ya nguo zake zilizokunjwa kwa pembe nne, simu yake ikatoa ule mlio mfupi.

Aibu aliyoisikia Kibanio haikuwa ya mwingine, ilikuwa yake. Kila Ijumaa alisimama mbele ya wagonjwa, akawaambia: wekeni kengele ya simu kila baada ya saa mbili, mmwage mfuko kabla haujajaa, msingoje uwaaibishe. Maneno hayo aliyatunga yeye. Ndiye aliyeyaandika kwenye karatasi inayogawiwa vituo vyote. Alikuwa ameisikia kengele yake mwenyewe miezi minne, mezani, mkahawani, nyumbani kwa dada yake, na akaiita mke.

"Sista," Daktari akasema, "shika."

Mikono yake haikuinuka. Katika chumba kile kulikuwa na sheria isiyoandikwa popote: wako humshiki. Mkono unaompenda mtu hukaza mapema, au hukawia. Alichotakiwa kusema kilikuwa kidogo tu, na angeweza kukisema kwa kunong'ona, au kwa kusingizia kichwa kinauma. Akakisema kwa sauti ileile aliyotumia kutaja kipimo cha dawa.

"Huyu siwezi kumshika, Daktari. Ni mpenzi wangu."

Kaka Taratibu akaacha kufunga kamba za aproni. Milimita akageuza kichwa kutoka darini.

"Uliniacha," alisema polepole.

"Nilikuacha kwa kosa la mke usiyekuwa naye. Sasa nimemwona mkeo. Ni wa plastiki."

"Sista, usinichekeshe, tumbo linauma."

"Kwa nini hukuja mara zote tatu?"

"Kwa sababu ungekuwepo wewe." Alikuwa hana pa kujificha tena, na maneno yakamtoka bila kupimwa. "Duka zima linakusikia unasema unafunga matundu, na mimi nimesimama na tundu chini ya koti. Nikasema huyu namtaka anione mwanamume kwanza. Tundu baadaye. Uliponiacha nikaona hakuna tena wa kumficha, nikaja."

"Miezi minne umeungua ngozi hivyo kwa ajili ya kujivuna."

"Na wewe hujivuni?"

Daktari akakohoa. Hakuwa mtu wa kukohoa bure. "Mtamalizana. Dawa ya usingizi ni ya saa hii. Sista, toka. Taratibu, shika wewe."

Kibanio alivua glavu. Alimwinamia Kaka Taratibu sikioni. "Daktari akisema funga, hesabu moja kimoyomoyo, halafu kaza mpaka ukisikie kimegota. Usiogope."

"Dada," Taratibu akamjibu, "mimi nilikuwa nakaza kabla hujazaliwa. Nenda kakae."

Katika miaka saba hakuwahi kukaa kwenye lile benchi la nje ya mlango. Lilikuwa gumu, na lilikuwa limepangwa kutazamana na ukuta mtupu. Walikaa hapo mama na waume na kaka za watu, naye alikuwa akiwapita na trei yake akisema "subirini tu, mambo mazuri", hata hasimami. Sasa alijua kwamba mlango ule haukuzuia sauti. Alimsikia Daktari: fungua. Alisikia kimya. Funga. Moja, alihesabu, na kidole chake gumba kikakaza hewa.

"Kimeteleza," Daktari akasema ndani.

Alisimama, akakaa. Alijua kinachoendelea kana kwamba yuko mle. Ukingo wa tundu la mwaka na nusu umekomaa, umekuwa mgumu na laini kama tundu la shanga, hauwezi kuungana na chochote. Lazima usuguliwe upya mpaka uwe kidonda kibichi, ndipo pande mbili zikutane na kushikana. Vibanio vikubwa alivipanga viwili kwenye trei asubuhi ile. Kimebaki kimoja. Alisikia brashi, alisikia mashine ya kuunguza ikiguna, fupi, fupi. Dakika zile zilikuwa ndefu, na mwanamke aliyezoea kuwa mkono akawa masikio tu.

Fungua.

Funga.

Ikaja sauti ya Kaka Taratibu, isiyokuwa na haraka hata kidogo: "Kimegota."

Milimita alipoamka alimkuta Kibanio ameketi kando ya kitanda, miguu ameipandisha kwenye chuma, kama mtu aliye kwao.

"Umenifunga?"

"Si mimi. Mimi nilikuwa benchi."

Alifikiri kidogo. "Basi alinifunga nani?"

"Wenye kazi yao. Kile cha kwanza kiliteleza. Ukingo ulikuwa mzee."

"Ungeniuliza. Kitambaa kilichochakaa pindoni hakishiki uzi. Unakata ukingo kwanza."

"Ndicho walichofanya, mwalimu."

Akacheka, akashika tumbo. Kisha akawa mtu mwingine. "Kuna kushika na kuna kuachia, na wewe unajua kuliko mimi. Baada ya wiki sita ndiyo wananipima. Nipe hizo wiki sita. Likiwa limeziba, nina neno la kukwambia. Likiwa halijaziba, usinisikilize."

"Unanipangia miadi?"

"Naomba nije kwako nikiwa mzima."

Kibanio alishuka kitini. Alitaka kumwambia mengi, akamrekebishia mto tu. "Mimi siolewi na tundu, Fundi, wala na kukosekana kwake. Lakini wewe ni mkaidi, acha tungoje wiki zako. Kula nitakulisha mimi, na kengele ikilia utamwaga mbele yangu."

"Mbele yako kamwe."

"Kila Ijumaa namwaga ya watu ishirini. Ya kwako ina dhahabu?"

Siku ya tatu Milimita alimwacha Kibanio amwage. Alitazama pembeni, akifanya kana kwamba anasoma gazeti, na aliposikia mfuko umekazwa akageuza ukurasa. Kisha akalikunja gazeti. "Dada yako bado ananiita mume wa mtu?" aliuliza hatimaye.

"Nilimweleza. Amesema anakudai samahani, na wewe unamdai sahani nzima."

Wiki ya sita walikuja pamoja, asubuhi, Kibanio akiwa na nguo za nyumbani kwa sababu alikuwa ameomba ruhusa. Kipimo chenyewe ni rahisi kuliko vyote. Mgonjwa anakunywa kikombe cha dawa ya buluu, wanamwekea shashi nyeupe juu ya kovu, wanangoja nusu saa. Buluu ikitokea kwenye shashi, tundu lipo.

Kikombe kilikuwa tayari mezani. Kaka Taratibu alikuwa anajaza fomu, herufi moja moja.

"Aliyekusindikiza ni nani wako?" aliuliza, kana kwamba hawajui wote wawili.

Milimita alitazama kikombe. Alitazama shashi. Kibanio hakumsaidia. Alisimama wima kando ya dirisha, kidevu juu, na moyoni alijua kwamba neno likija baada ya ile buluu litakuwa zawadi ya shashi, si yake, naye hangelipokea. Alikuwa amejiapiza hivyo siku ile alipomrekebishia mto, na hakumwambia mtu.

Fundi akaweka kikombe chini.

"Nilisema wiki sita," alimwambia.

"Nakumbuka."

"Nilikuwa napima vibaya." Akavuta pumzi. "Sista. Roho yangu. Sijui humu ndani kukoje. Inawezekana pameziba, inawezekana nusu saa ijayo nivae mfuko tena, na mwakani, na wa pili. Hivyo hivyo nilivyo, nataka uwe mke wangu. Ukikataa nitakunywa hii kitu na kwenda zangu kazini."

"Na nikikubali?"

"Nitakunywa vile vile, ila kwa madaha."

Kaka Taratibu alikuwa ameinua kalamu. Kibanio alimtazama yule mwanamume mwembamba, mkaidi, mjivuni kama yeye, aliyesimama na tumbo wazi katika chumba chenye taa kali asijifunike.

"Andika mchumba," akamwambia Taratibu. "Na uandike vizuri, hiyo fomu inakaa miaka kumi."

Milimita akanywa. Meno yakawa ya buluu, midomo ikawa ya buluu, akatabasamu hivyo hivyo kama aliyepakwa rangi na maadui zake, na Kibanio akamshika mkono mbele ya wote. Robo saa. Nusu saa. Daktari aliingia, akabandua shashi, akaipeleka chini ya taa. Kwa mazoea ya miaka saba akaielekeza kwa muuguzi wake.

"Sista, soma."

Mkono wake ulikuwa umeshaanza kunyooka. Aliurudisha.

"Leo mimi ni mwenye mgonjwa, Daktari. Tusomee."

Daktari aliigeuza upande wa pili, akaigeuza tena, maana hakuwahi kutoa jibu kwa kutazama mara moja.

"Nyeupe," alisema. "Nyeupe pe."